Shangazi, askari wa mwili na kinga cha moto: lawama yangu kwa Kiswahili chetu cha kifua kikuu



Kwa kawaida mimi ni msikilizaji. Huchangia pale panapozuka ubishi wa istilahi, kisha nikarudi pembeni. Leo nina langu, na si la kujipongeza. Ni kosa nililolifanya kwa kinywa changu mwenyewe, katika lugha ambayo najidai kuifundisha, na likamgharimu mtu wa nyumbani kwangu miezi sita ya vidonge na kovu shingoni. Nimelitafakari muda mrefu, na nimefikia hitimisho kwamba kosa lile si langu peke yangu. Ni la Kiswahili chetu chote cha afya. Basi naomba mnivumilie, maana maneno ni mengi kidogo.

Wengi wenu mnajua ninakoishi: Kenton, kaskazini magharibi mwa London, mpakani mwa Harrow na Brent. Ukiingia dukani Barabara ya Kenton si ajabu mzee wa Kigujarati akakuitikia kwa Kiswahili cha Kisumu au cha Kampala, kwani wengi wao walitoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, au Uganda mwaka 1972 Idi Amin alipowapa siku 90 wafungashe. Siye tulitoka Tanga, Mombasa na Unguja baadaye. Tumekuja na mikeka yetu, vyakula vyetu, na bila ya kujua tumekuja na vijidudu vyetu pia. Brent imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mitaa ya London yenye kifua kikuu kingi, na katika Uingereza kwa jumla zaidi ya robo tatu ya wanaougua ni watu waliozaliwa nje. Hili si la kuona haya. Robo ya watu wote duniani inakisiwa kuwa wameshaambukizwa, na wengi wao hawatougua maisha yao yote.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2018 kijana mmoja aliyekuwa akikaa nyumbani kwa shangazi wa mke wangu aliugua kifua kikuu. Kama ilivyo ada, waliokaa naye nyumba moja wakaitwa kliniki kupimwa. Shangazi, mama wa miaka 58, mzima, anapanda ngazi kuliko mimi, akatolewa damu. Majibu yakaja: ameambukizwa lakini haumwi, na anashauriwa kunywa dawa kwa miezi mitatu. Mkalimani nilikuwa mimi. Muuguzi akaeleza kwamba kipimo kimeonyesha seli T zake zinavitambua vijidudu vya kifua kikuu. Nami, kwa ufasaha wangu wote, nikamwambia: "Shangazi, wanasema askari wa mwili wako wameshawajua hao wadudu."

Shangazi akanitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kumbe wamenipima na ule ugonjwa mwingine?" Nikamwambia la. Akashusha pumzi. Halafu akasema maneno ambayo hadi leo yananitia uchungu kwa namna yalivyokuwa sahihi: "Basi baba, kama askari ninao, na mwizi wameshamtambua, dawa ya nini? Dawa si ya yule asiye na askari?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza hili na lile, lakini sentensi yangu ya kwanza ilikuwa imeshafanya kazi yake. Dawa hakunywa. Miezi kumi na mmoja baadaye akatokewa na uvimbe shingoni, ubavuni, hauumi, unakua. Ulikuwa kifua kikuu cha tezi, namna ambayo huonekana sana kwa watu wetu huku. Alitibiwa akapona, alhamdulillahi. Lakini mimi nilianza kuiuliza ile sentensi maswali.

Niseme kwanza kwa haki: "askari wa mwili" ni tamathali iliyotufaa. Tuliipata wakati wa UKIMWI, miaka ya 1980 na 1990, ilipobidi taifa zima lielezwe haraka jambo ambalo hata madaktari walikuwa wakilijifunza. Jina lenyewe UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, ni kazi nzuri ya uundaji istilahi. Likaja na picha yake: mwili ni nchi, damu ina askari, kirusi kinaua askari, adui wengine wanaingia. Hesabu ya CD4 ikawa hesabu ya jeshi. "Askari wangu wamebaki mia mbili," mtu alisema, na kila mtu alielewa. Kwa ugonjwa ule picha ilikaribia ukweli, maana kweli ni suala la idadi: zikiwa chache, hatari, dawa zikifanya kazi, zinapanda.

Ubaya ni kwamba picha ile imehama na mizigo yake yote. Mzigo wa kwanza mmeshauona: ukimtajia mtu askari wa mwili, anasikia UKIMWI. Mzigo wa pili ni mzito zaidi. Picha inasema kwamba kinga ni akiba, kama unga ghalani: ukiwa nayo uko salama, ukikosa umekwisha, na daima nyingi ni bora kuliko chache. Kwenye kifua kikuu hayo yote matatu ni uongo, au ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli kwenye chumba cha daktari ni hatari kuliko uongo mtupu.

Tulichukue jambo hatua kwa hatua. Mtu anakohoa, chembe ndogo za unyevu zinaelea hewani, mwingine anavuta pumzi, na vijidudu vichache vinafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya pafu. Huko hakuna seli T inayosubiri langoni. Wanaovipokea ni makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yake ni kumeza takataka. Makrofaji inakimeza kijidudu, kama inavyomeza vingine, ikikusudia kukipeleka kwenye kifuko chake cha asidi kikayeyushwe. Lakini huyu si mjinga. Anazuia kifuko alimo kisiungane na kile cha asidi, na anakaa humo humo tumboni mwa aliyemmeza, anakula na kuzaana. Kama ni habari ya polisi na mwizi, basi hapa mwizi amepanga chumba kituoni.

Seli T zenyewe bado hazina habari. Zimepata jina la T kutokana na tezi ya thaimasi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo hukomaa. Kazi ya tezi hiyo iligunduliwa na Jacques Miller hapa hapa London mwaka 1961. Kabla yake wataalamu waliidhania kuwa kipande cha nyama kisicho na kazi. Ili seli T ziamke, ni lazima seli nyingine zibebe vipande vya kijidudu kutoka pafuni hadi kwenye tezi za limfu na kuvionyesha, mpaka ipatikane ile seli T moja kati ya maelfu na maelfu ambayo ufunguo wake unaingia kwenye kufuli hilo. Ndipo inapojigawa, ndipo jeshi linapozaliwa, ndipo safari ya kurudi pafuni inapoanza. Kwa binadamu huchukua kati ya wiki mbili na nane kabla ya kipimo kuonyesha kwamba mwili umejua. Muda wote huo mwenzetu anazaana kwa raha zake. Askari gani hao wanaofika baada ya miezi miwili?

Na wakifika je, wanapiga? Hasa zile za CD4, ambazo ndizo muhimu zaidi hapa, haziui kijidudu kwa mkono wao. Kazi yake kubwa ni kupiga mbiu. Zinatoa kemikali inayoitwa interferoni gama, na makrofaji ikiisikia inaamka usingizini na kuanza kumyeyusha mgeni aliye tumboni mwake. Waswahili tunayo tayari: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Seli T ni mpiga mbiu kuliko kuwa mpiga bunduki. Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Anayepiga mbiu anaweza kuipiga kwa ufasaha kabisa, mji mzima ukasikia, na mwizi asikamatwe.

Na hivyo ndivyo inavyotokea mara nyingi. Mwili ukishindwa kummaliza, unamzungushia boma: makrofaji zinajikusanya katikati, seli T zinasimama pembeni, panatokea kinundu kidogo ambacho wataalamu hukiita granuloma. Ndani ya boma vijidudu vingine vimekufa, vingine vimelala, vingine pengine wala havijalala. Boma halijengwi mara moja likaachwa. Linatiwa udongo kila siku, kwa kemikali nyingine iitwayo TNF. Ushahidi ulipatikana kwa njia ya bahati mbaya: dawa ya infliximab, inayozuia TNF, ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo, mwaka 2001 iliripotiwa kwamba kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kilikuwa kinawalipukia. Hawakuambukizwa upya; mlinzi wa boma aliondolewa tu.

Hapo askari wanaweza kusema: mnaona, ni sisi tuliokuwa tukilinda! Ni kweli. Lakini sasa tugeuze upande wa pili, ambao Kiswahili chetu cha afya hakiusemi hata kidogo.

Kinachokula pafu la mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sehemu kubwa, si kijidudu. Kijidudu hakina sumu kali kama ya pepopunda au dondakoo. Mashimo yale yanayoonekana kwenye picha ya eksirei yanachimbwa zaidi na mwili wenyewe katika kupambana naye. Dalili yake ni hii: mtu mwenye UKIMWI uliokomaa, ambaye seli zake za CD4 zimekwisha, akipata kifua kikuu mara nyingi hana mashimo. Pafu lake halijatobolewa, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kulitoboa, lakini kijidudu kinasambaa mwili mzima na kinaua haraka. Mtu huyo huyo akianza dawa za kurefusha maisha, CD4 zikarudi, wakati mwingine anazidiwa ghafla: homa, tezi kuvimba, kifua kubana. Askari wamerudi na wanabomoa nyumba. Jirani zetu Wakenya, Waganda na Watanzania waliofanya kazi wodini miaka ya 2000 wanalijua hilo vizuri.

Na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2010 kundi la wanasayansi, baadhi yao wakiwa kwenye taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, maili chache tu kutoka hapa nilipo, lilichapisha uchambuzi wa jeni za aina 21 za kijidudu kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walitazama zile sehemu za kijidudu zinazotambuliwa na seli T. Kwa kirusi cha mafua, sehemu kama hizo hubadilika kila mara, kama mwizi anayebadili nguo asijulikane. Kwa kijidudu cha kifua kikuu walikuta kinyume chake: sehemu zile ndizo zisizobadilika kabisa. Yaani mwizi huyu havai baibui. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba kutambuliwa kunamfaa. Seli T zikimtambua, pafu linachimbwa shimo; pafu likiwa na shimo, mtu anakohoa; mtu akikohoa, kijidudu kinapata nyumba mpya. Shangazi alisema mwizi ameshatambuliwa. Naam, na huenda mwizi mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Kuhusu "nyingi ni bora kuliko chache", hapa Kenton tunao ushahidi wa kutosha mlangoni. Ukishuka kituo cha Northwick Park unaiona hospitali. Tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo binafsi cha majaribio ya dawa kilichokuwa kwenye viwanja hivyo, vijana wanane walijitolea. Sita walipewa dawa iliyoitwa TGN1412, wawili maji matupu. Dawa ile iliundwa kuziamsha seli T moja kwa moja, bila kusubiri ruhusa ya kawaida. Haikuwa ya kifua kikuu. Ilikusudiwa kwa saratani fulani ya damu na baridi yabisi. Kipimo kilikuwa sehemu ndogo sana, moja kwa 500, ya kile kilichoonekana salama kwa nyani. Ndani ya saa moja na nusu hivi wote sita walikuwa wakitetemeka na kuumwa vibaya mno, na baada ya muda mfupi viungo vyao vilianza kushindwa kazi. Seli T zote zilipiga mbiu kwa mpigo mmoja. Wote waliokolewa, lakini mmoja alipoteza vidole. Nakumbuka magari ya televisheni yalivyojipanga Barabara ya Watford. Hakukuwa na kijidudu hata kimoja miilini mwao. Kilichotaka kuwaua ni askari wao wenyewe.

Breki nazo zina maana. Seli T zina swichi ya kujipunguza, iitwayo PD-1. Panya waliozaliwa bila swichi hiyo, wakiambukizwa kifua kikuu, hufa haraka kuliko wenzao, na mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba wanaouawa hivyo huuliwa na seli za CD4 zenyewe zilizokosa wa kuzizuia. Siku hizi zipo dawa za saratani zinazozima swichi hiyo kwa makusudi, na baadhi ya wagonjwa waliotumia wamelipukiwa na kifua kikuu. Fikirini: ukiziondoa seli, TB inakuja, ukiziachia huru, TB inakuja.

Hata chanjo zimetufundisha unyenyekevu. BCG, iliyoanza kutumika kwa mtoto mwaka 1921 na ambayo wengi wetu tunayo alama yake begani, inamkinga mtoto na aina kali za ugonjwa, kama ile ya uti wa ubongo, lakini kwa pafu la mtu mzima haiaminiki. Ikaja MVA85A ya Oxford, iliyokusudiwa kuziongeza seli T za mtoto aliyekwishapata BCG. Ilijaribiwa Afrika Kusini kwa watoto karibu 2,800. Seli T ziliongezeka kidogo, na matokeo yalipotoka mwaka 2013 ugonjwa haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika.

Kisha tazameni jaribio jingine, la chanjo ya M72, lililofanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini, matokeo kamili yakatolewa mwaka 2019. Washiriki wote walikuwa watu wazima mfano wa Shangazi: wazima, lakini kipimo cha damu kinaonyesha seli T zao zinamtambua kijidudu. Nusu walipewa chanjo, nusu maji. Katika miaka mitatu, kwa waliopewa chanjo waliugua 13, kwa waliopewa maji 26. Ni habari njema, na jaribio kubwa la mwisho lilianza mwaka 2024. Lakini isomeni kwa jicho la mkalimani: wale 26 askari walikuwa nao, na mwizi walishamtambua.

Mtaani kwetu biashara ya "kuongeza kinga" haiishi. Asali, habbat soda, tangawizi, vidonge. Mimi mwenyewe nanywa tangawizi, silaumu. Ila niwakumbushe utafiti wa mwaka 2000 uliofanywa kwa Wagujarati wa magharibi mwa London, wagonjwa wa Northwick Park wakiwemo. Ulikuta kwamba upungufu wa vitamini D uliambatana na kuugua kifua kikuu. Jua la Kenton mnalijua lilivyo bakhili, nasi ngozi zetu zimezoea la Tanga. Watu wakasema: basi, vidonge vya vitamini D vitatuongezea kinga. Ulipofanywa mtihani mkubwa Mongolia kwa watoto wa shule karibu 9,000, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha vidonge havikuwazuia kuambukizwa. Kuambatana ni kitu kimoja, kusababisha ni kingine. Na kinga si ndoo ya kujazwa.

Basi tuseme nini badala yake? Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kilinipa jibu, na ndiyo sababu nimeileta hoja hii kwenu badala ya kuipeleka kwa madaktari. Neno kinga tunalolitumia kwa habari ya mwili linatokana na kitenzi kukinga: kukinga mvua, kukinga maji kwa chombo, kujikinga na jua. Ni neno la ngao na la chombo, kitu kinachosimama kati yako na balaa. Lakini tuna kinga nyingine, ya ngeli tofauti, wingi wake vinga: kijiti kinachowaka, kinga cha moto. Ndiyo ile ya methali, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ni maneno mawili mbalimbali yaliyofanana sura, sitaki mtu anirushie kamusi. Ila kwa kifua kikuu, ile ya pili inasema kweli kuliko ile ya kwanza.

Kijidudu peke yake ni kinga kimoja. Mwili peke yake ni kinga kingine. Moto ni wa wote wawili. Moto wenyewe si adui: bila moto huli, bila moto simba anaingia kambini. Ukizimika, umekwisha. Ukizidi, nyumba inaungua. Anayepika anajua kwamba kazi si kuongeza kuni bali kuutunza moto. Dawa nazo zinaingia vizuri kwenye picha hii. Dawa ya kifua kikuu haikuongezei askari. Inakiondoa kile kinga kingine ili moto ukose mwenzake. Ndiyo maana anapewa hata mtu mwenye kinga nzima, na ndilo jibu ambalo Shangazi alistahili kulipata mwaka 2018.

Najua mtaniambia: mgonjwa anataka maneno mepesi, si mihadhara. Nakubali. Nyepesi zipo. Kipimo cha damu alichopimwa Shangazi kinafanya hivi: damu inawekwa usiku kucha pamoja na protini mbili za kijidudu ambazo BCG haina, kama kuna seli T zinazozikumbuka, zinatoa interferoni gama, na maabara inaipima. Ajit Lalvani na wenzake Oxford walikuza kipimo cha namna hiyo, na baada ya mlipuko wa shule moja Leicester mwaka 2001 kilionyesha kuwa kinafuata nyayo za maambukizo vizuri zaidi kuliko sindano ya ngozini. Lakini kinapima kumbukumbu tu. Hakijui kama kijidudu kimekufa au kiko hai, wala nani ataugua. Kwa hiyo siku hizi nikikalimani nasema: "Mwili wako umeshakutana na vijidudu vya kifua kikuu, na unakumbuka. Kipimo hakiwezi kusema kama vimekwisha. Wengi hawaugui, wachache wanaugua. Dawa hii ni ya kumaliza masalia kabla hayajaamka." Hakuna askari. Hakuna ushindi wala kushindwa. Kukutana si kushinda. Ni sentensi nne, na bado sijamwona aliyeshindwa kuzielewa.

Wengine mtasema tamathali zote huvunjika mahali. Ni kweli, hata ya moto itavunjika. Sidai tuipige marufuku "askari wa mwili". Ninachodai ni kwamba sisi tunaofasiri, tunaoandika vijitabu, tunaosahihisha istilahi za wengine, tuiulize kila tamathali: mtu akikuamini, atafanya nini? Shangazi aliniamini. Alifuata mantiki ya picha niliyompa hadi mwisho wake, kama mtu mwenye akili timamu. Hakukosea yeye.

Nimalizie na deni moja. Zile dawa za miezi sita alizokunywa baadaye zina historia yetu ndani yake. Zamani matibabu yalikuwa ya mwaka na nusu na zaidi. Mwaka 1972 ndipo ilipochapishwa taarifa ya jaribio la pamoja la Afrika Mashariki na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, lililoonyesha kwamba miezi sita yenye rifampisini inaweza kutosha. Waliojaribiwa ni wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Na mpango wa taifa ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977 pamoja na Karel Styblo ndio uliokuja kuwa mfano wa dunia nzima miaka ya 1990. Yaani yule mama wa Tanga aliyekuwa akihesabu vidonge jikoni kwake Kenton alikuwa akipokea kilichothibitishwa kwa miili ya watu wa kizazi cha wazazi wake. Walitoa makohozi yao na subira yao. Sisi wasomi tunashindwa kutoa maneno?

Alipomaliza dozi nilimweleza yote haya, moto na vinga. Alisikiliza, akashika lile kovu, akasema: "Sasa baba, si ungesema moto wa makumbi tu? Juu majivu, chini moto. Kila mtu wa pwani anaujua. Ningezinywa siku ile ile."

Naomba kuwasilisha. Mwenye tamathali bora kuliko ya Shangazi ailete, tuipime.

Wasalaam,
Mwenzenu, Kenton, London